Fundi Aliyejibu Swali la Atlanta

Klachi ya gari langu ilikwisha siku ya Jumatano, mahali pabaya, saa mbaya. Vijana wawili walilisukuma hadi gereji moja ya mabati hapa Nakuru, ambayo majirani husema fundi wake ni mzee, mpole na hana haraka. Yote matatu ni kweli.

Nilipewa kiti cha plastiki. Mzee akaingia chini ya gari, yakabaki mabuti mawili yaliyolowa oili. Kando yake, juu ya tairi kuukuu, kulikuwa na kikombe kikubwa cha bati, na ndani ya kikombe, simu yake. Kikombe ndicho spika. Magitaa yalikuwa yanatoka mle yakiwa na mlio wa sufuria, lakini niliyatambua kabla sijakaa vizuri.

Wimbo ukaisha. Makofi, miluzi. Kisha sauti ya mwanamume, ya taratibu, yenye lafudhi ya Kusini mwa Marekani, ikawauliza watu wanataka kusikia wimbo gani.

Chini ya gari, spana ilinyamaza.

Mabuti yakatulia. Halafu, pamoja na umati wa Atlanta, kutoka chini ya Toyota yangu, mzee akapaza sauti: "Free Bird!"

Spana ikaendelea.

Swali lile liliulizwa Julai 1976, na lilijibiwa papo hapo. Aliyeuliza amekufa tangu 1977. Na bado mzee huyu alingoja zamu yake, akajibu kama mwanafunzi aliyesikia jina lake likiitwa kwenye rejista. Nilicheka kidogo, yeye hakucheka. Ni wiki tano sasa, na jambo hilo limenikaa kama mbegu ya pera kwenye jino.

Nilichokuwa nikiruka

One More from the Road, albamu ya jukwaani ya bendi ya Marekani ya Lynyrd Skynyrd, ninayo tangu chuo cha ualimu, rafiki aliponinakilia kwenye flashi pamoja na mambo mengine ambayo sikuyaomba. Nimeisikiliza kwenye matatu. Nimeisikiliza nikisahihisha insha za Kidato cha Pili, na kama kuna mwanafunzi wangu aliyewahi kupata alama asizostahili, pengine ni kwa sababu magitaa yalikuwa yamekolea.

Lakini siku zote niliisikiliza masikioni, peke yangu. Na lile swali, pamoja na kelele zinazolifuata, nilizoea kulisogeza mbele. Nilitaka wimbo uanze.

Mzee aliacha kazi kwa ajili ya kipande ambacho mimi nilikuwa nakitupa.

Nikaanza kuwachunguza mashabiki wengine ninaowafahamu. Si wengi, tunahesabika, na wengi wao ni wanaume wa umri wa baba yangu walioanza na kanda. Ukimuuliza mmoja wao kwa nini anaipenda albamu hii, haanzi na gitaa. Anaanza na Ronnie Van Zant, mwimbaji wa bendi, akiuliza swali. Kisha jibu. Kisha Ronnie akiwaambia wenzake waipige vizuri kwa ajili ya Atlanta. Anakusimulia kama mtu aliyekuwepo, mkono ukionyesha mahali Ronnie aliposimama, peku, kama alivyozoea jukwaani. Kwenye magitaa anafika baadaye, kama mtu anayetaja chakula baada ya kusimulia harusi nzima.

Wimbo wenyewe, Free Bird, ule wa studio wa 1973, una dakika tisa. Ule wa Atlanta ni mrefu zaidi ya hapo. Urefu huo una sababu ya kawaida kabisa: enzi za kupiga vilabuni, Ronnie alikuwa akichoka koo, akawaomba wapiga gitaa waendelee bila yeye ili apumzike. Kwetu sisi tuliolelewa na bendi za dansi, hilo halihitaji maelezo. Mwimbaji anarudi nyuma, magitaa yanashika sebene, na watu ndio kwanza wanaamka.

Kuna jambo lingine dogo ambalo nilimpelekea mzee kama zawadi. Ile sauti ya gitaa inayolia mwanzoni, inayoteleza kama mtu anayevuta pumzi, ni ya Gary Rossington, mmoja wa wapiga gitaa wa bendi. Gitaa lake halikuwa limetengenezwa kwa mtindo huo, kwa hiyo alikuwa akichomeka bisibisi kuukuu chini ya nyuzi, kule karibu na kichwa, ili ziinuke.

Mzee alinitazama. Akatazama kisanduku chake cha vifaa.

"Bisibisi ya nyota au ya bapa?" akauliza.

Sikuwa na jibu.

Jengo lenye minara

Ukumbi wa Fox, ulikorekodiwa albamu hii, uko Peachtree Street, Atlanta. Ulifunguliwa siku ya Krismasi 1929, na ukiona picha yake bila maelezo, hasa ukiwa mtu wa Mombasa au Lamu, utasema ni msikiti. Una kuba. Una minara. Ndani, dari limechorwa kama anga la usiku juu ya ua wa Kiarabu, na nyota zake zinawaka. Ulianzishwa na chama kimoja cha Wamarekani waliopenda kuvaa kofia nyekundu za tarbushi na kuyaita majengo yao kwa majina ya Mashariki. Pesa zikawapungukia, likageuzwa ukumbi wa sinema. Watu wana mambo.

Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya simu ilitaka kiwanja hicho ijenge makao yake makuu, na jengo libomolewe. Wakazi wa Atlanta wakagoma, ikaanzishwa kampeni ya kulinunua, na maonyesho ya Lynyrd Skynyrd ya tarehe 7, 8 na 9 Julai 1976 yakawa sehemu ya juhudi hizo. Kwa hiyo watu wale unaowasikia wakipiga kelele walikuwa wamelipa tiketi ili paa lililo juu yao lisianguke. Nilipolijua hilo, makofi yalibadilika sikio langu.

Halafu nikasoma jambo jingine kuhusu jengo hilo hilo, makofi yakabadilika tena.

Fox ilijengwa enzi za ubaguzi. Weusi walikuwa na mlango wao wa kando na ngazi zao za nje, zinazopanda hadi viti vya juu kabisa, na hawakuchanganyika na wengine hadi miaka ya 1960. Kufikia 1976 utaratibu huo ulikuwa umekwisha. Ngazi hazikuwa zimekwenda popote.

Mimi nilikuwa nimeanza kujiweka kwenye ule umati. Ndiyo kazi ya albamu ya moja kwa moja, inakuachia nafasi ya mtu mmoja. Sasa nikajikuta nauliza ningeingilia mlango gani.

Siku tatu ndani ya usiku mmoja

Nilipata na mashaka ya aina nyingine, madogo, lakini yalinichoma kwa muda.

Aliyeirekodi albamu ni Tom Dowd. Mtu huyu katika ujana wake alifanya kazi kwenye utafiti uliozaa bomu la atomiki, akaja kuwarekodi John Coltrane, Ray Charles na Aretha Franklin, na 1971 akatoa albamu ya jukwaani ya bendi ya Allman Brothers, ya kule ukumbi wa Fillmore East, ambayo kila bendi ya Kusini iliyofuata ilipimwa nayo. Alijua anachokifanya. Alirekodi siku zote tatu, kisha akachagua: hapa wimbo wa siku hii, pale wa siku ile, vikaungwa.

Usiku ninaousikia, basi, haukuwahi kuwepo.

Jioni moja nilikasirika kweli. Nilihisi kama mtu aliyegundua kwamba picha ya harusi ya wazazi wake ilipigwa studio wiki mbili baada ya harusi. Niliandika hata rasimu ya makala haya yenye kichwa kikali, nikaifuta.

Kilichonituliza ni Steve Gaines. Alikuwa mgeni kwenye bendi, ana miezi miwili tu. Tangu mpiga gitaa Ed King aondoke 1975 bendi iliyozoea magitaa matatu ilikuwa ikijikongoja na mawili, mpaka Cassie Gaines, mmoja wa waimbaji wao wa nyuma, alipowaambia wamsikilize mdogo wake. Sasa msikilize kijana huyo Atlanta akipokezana na Rossington na Allen Collins. Hapigi kama mgeni. Lakini kuna mahali, ukisikiliza sana, unahisi wale wawili wanampisha, wanamsubiri aone njia, kisha wanafunga pamoja naye. Hilo halikuundwa na mkasi wa mtu yeyote. Lilitokea, iwe Jumatano au Ijumaa.

Basi nikaacha kuuliza tarehe.

Miezi kumi na mitano

Wenye kujua wanajua kilichofuata, sitarefusha. Tarehe 20 Oktoba 1977 ndege yao iliishiwa mafuta ikaanguka kwenye msitu karibu na Gillsburg, Mississippi. Ronnie, Steve na Cassie walikufa, pamoja na msaidizi wa meneja na marubani wawili. Toka Atlanta ilikuwa miezi kumi na mitano.

Ndiyo maana kuna wanaosema albamu hii inapendwa kwa sababu ya msiba. Kwamba tunasikiliza sauti za marehemu na kuziita muziki bora. Nilihangaika na hoja hiyo kwa siku kadhaa, maana ina uzito: hii ndiyo albamu pekee ya jukwaani iliyotoka Ronnie akiwa hai, na hakuna atakayetuletea nyingine.

Lakini ilitoka Septemba 1976 na ikauzwa sana mwaka huo huo, watu wote wakiwa wazima. Walioinunua wakati ule hawakuwa wanaomboleza, walikuwa wanacheza.

Hata hivyo, siwezi kudai kwamba msiba hauko masikioni mwangu. Ronnie akiuliza swali lake, mimi najua jambo ambalo yeye halijui. Mzee naye analijua. Nilimuuliza.

"Ndiyo maana namjibu," akasema, akarudi chini ya gari.

Shati la mia moja

Nilirudi kuchukua gari Jumamosi. Mzee alikuwa anakula githeri, amevua sehemu ya juu ya ovaroli, mikono ya ovaroli imefungwa kiunoni. Ndani alivaa fulana ya mtumba yenye jina la bendi. Nyuma ya jina, bendera nyekundu yenye msalaba wa buluu na nyota nyeupe.

Katika miaka ile bendi ilikuwa ikitundika bendera hiyo jukwaani, kubwa, nyuma ya ngoma. Ni bendera ya vita ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga mwaka 1860 na 1861, yakapigana miaka minne ili watu weusi waendelee kuwa mali ya watu. Baadaye wanabendi walisema wazo lilitoka kwa kampuni ya santuri, iliyotaka kuwauza kama vijana wa Kusini. Inawezekana. Lakini walikuwa na mikono yao, wangeweza kuishusha.

Mwaka 2012 Gary Rossington alisema kwenye televisheni kwamba wameachana nayo, kwa sababu makundi ya chuki yameiteka. Mashabiki wakaja juu. Siku chache baadaye akatangaza kwamba bado itapepea.

Hapo ndipo niliposimama kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote katika wiki hizi tano. Maana shauku ninayoiandika hapa kwa mapenzi, shauku ya watu wanaojibu swali kwa sauti moja, ndiyo hiyo hiyo iliyoirudisha bendera mlingotini. Umati ukiwa na sauti ya kutosha unapata wimbo unaoutaka.

Nilimweleza mzee kuhusu fulana. Nilimweleza yote, kwa urefu, kama mwalimu. Alitafuna polepole hadi nikamaliza.

"Mwalimu," akasema, "hii nililipa shilingi mia moja kwa ajili ya jina. Bendera walinipa bure."

Nilishindwa kujua kama hilo ni jibu zuri au baya. Bado sijui. Wiki iliyofuata nilipopita, alikuwa ameivaa tena.

Wimbo wa Jimmie Rodgers

Kwenye albamu kuna wimbo mwingine nilikuwa nauruka: T for Texas. Niliuona kama mzaha wa bendi, wimbo wa kizee uliowekwa magitaa ya umeme. Usiku mmoja nilikuwa nakanda unga wa chapati, simu iko juu ya friji, mikono yote miwili imejaa unga. Sikuweza kuuruka. Ikabidi niusikilize hadi mwisho.

Mwenye wimbo ni Jimmie Rodgers wa Mississippi. Aliwahi kufanya kazi kwenye treni, na aliurekodi wimbo huo Novemba 1927, miaka mitano na nusu kabla ya kifua kikuu kumuua. Ulikuwa bluzi, muziki alioupata kwa watu weusi, akaongezea ile sauti yake ya kupandisha na kushusha koo.

Nilikuwa nimeshika mpini wa kusukumia chapati niliposema jina lake kwa sauti. Jimmie Rodgers. Nikalisema haraka. Jimi Roja.

Chemirocha.

Mimi ni mtoto wa Kericho. Jina la Chemirocha nililisikia nikiwa mdogo, kwa nyanya, kama jina la kiumbe fulani wa wimbo, nikalihifadhi pamoja na mazimwi mengine. Nilikuja kusoma ukubwani kwamba Hugh Tracey, yule mtafiti aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, aliwakuta wasichana wa Kipsigis mwaka 1950 wakimwimba. Santuri za Jimmie Rodgers zilikuwa zimefika huku na gramafoni. Watu wakasikia mtu asiyeonekana akiimba na kulia kama mnyama, wakaamua ni nusu mtu, nusu swara. Jina lake wakalitia kwenye kinywa chetu: likapata *Che* ya mbele kama Chebet, kama Chepkorir. Katika maelezo yake Tracey aliandika kwamba wasichana wanamhimiza Chemirocha acheze, aruke, mpaka nguo zimtoke.

Nilijua habari hizi zote mbili kwa miaka. Albamu ilikuwa kwenye simu yangu, Chemirocha alikuwa kichwani mwangu, na sikuwahi kuwakutanisha, kwa sababu kila ulipoanza wimbo nilikuwa naubonyeza upite.

Chapati ya kwanza iliungua.

Nikakaa jikoni nikahesabu. Kwenye albamu hiyo hiyo kuna Crossroads ya Robert Johnson, Mweusi wa Mississippi, aliyoirekodi 1936. Kuna hii ya Rodgers, iliyotoka kwa weusi, ikapita kwa reli, ikapita kwa meli, ikafika kwa wasichana wenye kinubi huko kwetu robo karne kabla ya Lynyrd Skynyrd, vijana wa Jacksonville, kuipigia watu wa Atlanta. Bendi ilitundika bendera nyuma yake, ikageuka mbele na kupiga nyimbo za watu ambao bendera ile ilitaka wasiwe na chochote. Walijua? Ronnie, nadhani, alijua sehemu. Umati sina hakika.

Na wasichana wa Kipsigis hawakumwomba mtu ruhusa. Walimchukua mzungu wa santuri, wakampa kwato.

Kikombe cha bati

Jana nilipitia gereji. Klachi iko sawa, nilisingizia breki.

Mzee aliniruhusu kutia simu yangu kwenye kikombe. Nikamwekea Chemirocha, ile rekodi ya 1950: kinubi kinazunguka pale pale, sauti za wasichana zinapanda na kushuka, karibu kabisa na mashine. Haichukui muda mrefu. Mzee si Mkipsigis, alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, vile anavyosikiliza injini.

"Wanamwambia nani?"

"Wanamwita mtu aje kucheza."

"Alikuja?"

Nikamwambia ni mwenye ule wimbo mmoja kwenye albamu yake, ule wa Texas. Akanitazama kuona kama namtania. Rekodi ikafika mwisho, kikombe kikanyamaza ghafla, ukabaki mlio wa mtu anayegonga bati gereji ya pili.

"Mbona hakuna makofi?"

"Hapakuwa na watu. Walikuwa wenyewe na yule mwenye mashine."

Alifikiri. Kisha akanyoosha kidole, akagusa kioo cha simu, kikaacha alama nyeusi ya grisi. Akavuta upindo wa fulana yake, akakifuta vizuri, akairudisha rekodi mwanzo.